Panya 320 ndani ya gari moja: Jinsi wanaojitolea wanavyookoa panya wa kufugwa wasiotakiwa

MUKTASARI
• Marekani, Uingereza na kwingineko, maelfu ya watu hufuga panya ndani ya nyumba. Wengine huwachoka au huzidiwa nao.
• Panya jike hubeba mimba kwa siku 21 hadi 23 tu, kwa hiyo kosa dogo hugeuka janga ndani ya miezi michache.
• Watu wanaojitolea huwapokea, huwatenganisha, huwalea kwa muda na kuwasafirisha hadi kwa wafugaji wapya.
• Kinachookoa panya wengi zaidi ni mfugaji kuomba msaada mapema.

Ukisema "panya" hapa Bongo, mtu anawaza mtego, sumu, gunia la mahindi lililotobolewa, au wale vijana wa Panya Road. Ni wachache watakaomuwaza mtu anayeamka Jumamosi asubuhi, anawasha gari na kuendesha saa mbili kwenda kuchukua panya wawili, kisha awapeleke kwa mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Lakini watu hao wapo. Katika nchi ambako panya hufugwa ndani kama paka, kuna mitandao ya wanaojitolea ambayo kazi yake ni kuwapokea panya wasiotakiwa na kuwatafutia makazi mapya.

Unacheka? Subiri kwanza usikie kisa cha San Diego.

Wawili waliogeuka 320

Oktoba 2019, shirika la ustawi wa wanyama la San Diego Humane Society, jimboni California, lilikutana na mwanamke aliyekuwa akiishi ndani ya gari lake katika mji wa Del Mar. Ndani ya gari hilo kulikuwa na panya zaidi ya 320.

Alianza na wawili tu, wa kufugwa. Wakazaana. Watoto nao wakazaana. Mwishowe wengine walikuwa wamejichimbia kwenye viti, wengine wamehamia kwenye injini.

Mwanamke huyo alikubali kwamba amezidiwa, akawakabidhi. Shirika likasema hilo halikuwa suala la ukatili kwa wanyama, bali la mtu aliyehitaji msaada. Muda mfupi baadaye, panya wapatao 140 wakatangazwa kuwa tayari kuchukuliwa na wafugaji wapya.

Sasa hapo kuna maswali mawili. Wawili wanafikaje 320? Na ukishakuwa nao 320, unawapeleka wapi?

Kwanza, hawa ni panya gani?

Panya wa kufugwa si yule anayepita kwenye dari lako usiku, ingawa ni ndugu. Kwa jina la kisayansi ni Rattus norvegicus, yaani aina ileile ya panya wakubwa wa kwenye mitaro ya miji mingi duniani. Tofauti ni kwamba wa kufugwa amezalishwa na binadamu kwa zaidi ya miaka 100, akichaguliwa kwa upole na rangi.

Historia yake inaanzia London katika karne ya 19. Wakati huo kulikuwa na mchezo wa kamari wa kuwafungia panya na mbwa shimoni, watu wakibashiri mbwa ataua wangapi. Wakamataji wa panya walikuwa na soko zuri. Mmoja wao, Jack Black, aliyejitangaza kuwa mkamata panya wa Malkia Victoria, alikuwa akiwatenga panya wenye rangi zisizo za kawaida, anawazalisha na kuwauza kama wanyama wa nyumbani.

Mwaka 1901, mwanamke aitwaye Mary Douglas alifanikisha panya kuingizwa kwenye maonyesho ya wafugaji mjini Aylesbury, Uingereza. Mwaka 1976 kikaundwa chama cha wafuga panya wa nchi hiyo, National Fancy Rat Society, ambacho kipo mpaka leo.

Kwa hiyo mnyama huyu ametengenezwa na binadamu. Hajui kujitafutia chakula mtaani na hamwogopi paka ipasavyo. Kama ni mweupe, ndiyo kabisa, mwewe anamwona kutoka mbali.

Hesabu inayowaangusha wengi

Turudi kwenye lile swali la kwanza.

Panya jike huingia kwenye joto kila baada ya siku nne au tano. Akishika mimba, anaibeba kwa siku 21 hadi 23. Uzao mmoja unaweza kuwa na watoto 12 hivi. Tena anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa 24 baada ya kuzaa. Na wale watoto wanaweza kuanza kuzaliana wakiwa na wiki tano tu.

Tupige hesabu ya haraka, tukichukulia kila kitu kinaenda kwa kasi ya juu:

• Wiki ya 0: una dume na jike.
• Wiki ya 3: watoto 12. Tuseme sita ni majike.
• Wiki ya 6: mama anazaa wengine 12.
• Wiki ya 8: wale majike sita wa kwanza wanashika mimba.
• Wiki ya 9: mama anaongeza 12.
• Wiki ya 11: majike sita wanazaa, watoto 72.
• Wiki ya 12: mama tena, 12.

Jumla: panya 122 ndani ya wiki 12.

Katika maisha halisi idadi huwa chini ya hapo. Uzao wa kwanza mara nyingi ni mdogo, na mama anayenyonyesha huchelewa kidogo kuzaa tena. Lakini hata ukigawa kwa mbili, bado una panya 61 sebuleni, na robo ya mwaka ndiyo kwanza imeisha.

Ndiyo maana wanaojitolea hawapendi kusikia sentensi hii: "Ngoja kwanza niangalie hali itakavyokuwa mwezi ujao."

Wanatoka wapi hasa?

Ungedhani wengi wanatoka kwa watu katili. Zipo kesi hizo, lakini sababu nyingi ni za kawaida kabisa.

Kwanza, kukosea jinsia. Mtu ananunua "majike wawili" dukani, kumbe mmoja ni dume. Au ananunua jike mmoja ambaye tayari ana mimba, kwa sababu dukani walichanganywa. Wiki tatu baadaye anaamka asubuhi na kukuta watoto wekundu wasio na manyoya.

Pili, mtoto wa nyumbani. Mzazi anamnunulia mtoto panya kwa sababu ni mdogo na hana gharama kubwa. Mtoto anachoka, anaanza shule ya bweni, au anagundulika ana mzio. Mzazi hakupanga kusafisha tundu kila wiki.

Tatu, maisha kubadilika. Mwenye nyumba anakataza wanyama, mtu anapoteza kazi, wapenzi wanaachana, mgonjwa analazwa.

Nne, panya waliozalishwa kwa ajili ya kulishwa nyoka. Mfugaji wa nyoka akiacha shughuli hiyo ghafla, anaweza kubaki na panya wengi asiowahitaji.

Tano, maabara. Panya ni kati ya wanyama wanaotumika sana kwenye utafiti. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 inaruhusu nchi wanachama kuwapatia makazi wanyama waliotoka maabara, kwa masharti, kama afya yao ni nzuri na hawana hatari kwa jamii.

Mtandao unafanyaje kazi?

Nyingi ya huduma hizi hazina jengo wala bango. Ni watu wenye kazi zao, kila mmoja na chumba cha ziada, matundu mawili matatu na simu. Hatua zenyewe ziko hivi.

1. Kupokea taarifa. Mfugaji anapiga simu au kutuma ujumbe. Anaulizwa: wapo wangapi, wana umri gani, madume na majike wapo pamoja? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kama ni suala la dharura.

2. Kutenganisha. Hii inafanyika hata kabla panya hawajachukuliwa. Mfugaji anaelekezwa namna ya kutambua jinsia. Kwa madume waliofikisha wiki tano ni rahisi, korodani zinaonekana wazi. Madume tundu moja, majike tundu jingine. Hata kama ni boksi la plastiki lenye matundu ya hewa kwa usiku mmoja, tayari umezuia uzao unaofuata.

3. Karantini na mlezi wa muda. Panya anapelekwa kwa mtu anayejitolea kumlea, mara nyingi akitengwa na panya wengine kwa wiki mbili hivi ili kuona kama ana maradhi. Tatizo kubwa la panya wa kufugwa ni mapafu. Wengi wana bakteria wanaoitwa mycoplasma, na ugonjwa huibuka mnyama akiwa na msongo au akiishi kwenye tundu chafu. Majike pia hupata sana uvimbe wa matiti. Majike wanaodhaniwa kuwa na mimba huangaliwa kwa wiki tatu kabla ya kutolewa.

4. Kuwazoesha mikono. Panya aliyekulia kwenye msongamano anaogopa watu. Mlezi anakaa naye kila siku, anamlisha kwa mkono, anamzoesha sauti. Wengine huchukua siku mbili, wengine miezi.

5. Kumsaili anayetaka kuchukua. Utaulizwa ukubwa wa tundu, kama una paka, kama unamjua daktari wa wanyama anayetibu wanyama wadogo. Swali linalowashangaza wengi: "Uko tayari kuchukua wawili?" Panya ni mnyama wa kundi, na akikaa peke yake hudhoofika. Kwa hiyo hutolewa wawili au zaidi, wa jinsia moja, au dume aliyehasiwa pamoja na majike.

6. Usafiri. Hapa ndipo utamu ulipo. Panya yuko mji mmoja, mfugaji mpya yuko kilomita 600 mbele, na hakuna anayeweza kuendesha njia yote. Wanafanya kama mbio za kupokezana vijiti. Dereva wa kwanza anaendesha kilomita 100, anakutana na wa pili kwenye kituo cha mafuta, wanakabidhiana tundu, maji na karatasi ya maelezo. Wa pili anaendelea, halafu wa tatu. Marekani wanaita safari hizo "treni ya panya", ingawa hakuna treni yoyote.

7. Mkataba. Kwa kawaida anayechukua analipa ada ndogo na kusaini kwamba akishindwa atawarudisha kwa mtandao. Hatawauza, hatawagawa ovyo, hatawazalisha.

Si mitandao midogo tu inayofanya hivi. Nchini Uingereza, mashirika makubwa kama RSPCA na Blue Cross pia hupokea panya na kuwatafutia makazi.

Mipaka nayo ina sheria zake

Kuna sehemu ambako hata ukiwa na moyo mwema huwezi kumpokea panya. Mfano ni jimbo la Alberta, Canada. Jimbo hilo limekuwa likipambana na panya tangu mwaka 1950 na hujivunia kutokuwa nao. Mwananchi wa kawaida haruhusiwi kufuga panya huko, hata wa kufugwa mwenye tabia nzuri. Wanaoruhusiwa ni bustani za wanyama, vyuo vikuu na taasisi za utafiti.

Kwa hiyo panya akipatikana Alberta, njia ya kumwokoa ni kumtoa nje ya jimbo. Hapo ndipo mtu mwenye gari na siku ya mapumziko anakuwa na thamani kubwa.

"Si umwachie tu nje?"

Hapana, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya panya mwenyewe. Kumwachia nje panya wa kufugwa ni kumpa kifo cha polepole: njaa, baridi, au meno ya mnyama mwingine. England na Wales, kumtelekeza mnyama wako kunaweza kukufikisha mahakamani chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006.

Ya pili ni ya mazingira, na mfano wake unatugusa Waafrika. Panya buku, yule mkubwa mwenye mifuko mashavuni, aliwahi kuuzwa Marekani kama mnyama wa nyumbani. Karibu na mwaka 1999, baadhi yao walitoroka au kuachiwa na mfugaji katika kisiwa cha Grassy Key, Florida. Wakazaliana porini, mpaka serikali ikalazimika kuanzisha operesheni ya kuwaangamiza.

Mwaka 2003 panya buku walioingizwa Marekani kutoka Ghana walihusishwa na mlipuko wa kwanza wa homa ya nyani nchini humo. Baada ya hapo, uingizaji wa panya wa Afrika ukapigwa marufuku.

Vipi kuhusu magonjwa?

Swali la haki kabisa. Panya wa kufugwa si hatari kama wa mitaroni, lakini si malaika.

Mwaka 2017, Marekani ilipata mlipuko wa virusi vya Seoul kupitia panya wa kufugwa. Watu 17 walithibitishwa kuambukizwa, na virusi vilipatikana katika vituo 31 kwenye majimbo 11. Panya walikuwa wakihamishwa kutoka kwa mfugaji mmoja hadi mwingine, virusi navyo vikasafiri humo humo.

Ndiyo maana zile wiki mbili za karantini si mbwembwe. Mtandao unaohamisha wanyama bila kuwatenga na kuweka kumbukumbu unaweza kusambaza maradhi badala ya kuokoa. Wanaojitolea hunawa mikono kwa sabuni kila wanapotoka tundu moja kwenda jingine, na huandika kila panya ametoka wapi na ameenda kwa nani.

Na tuelewane: haya yote hayamhusu panya wa porini au wa darini. Huyo usimshike, usimfuge. Lushoto mkoani Tanga, tauni iliwatesa watu kwa miaka mingi kuanzia 1980, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya.

Ukweli mchungu

Si kila panya anapata nyumba. Nafasi za walezi huwa zimejaa. Panya 60 wakifika siku moja kwenye mtandao wenye walezi wanane, lazima kuwe na maamuzi magumu. Wagonjwa mahututi huchomwa sindano ya kuwamaliza bila maumivu. Wengine husubiri miezi, na kwa mnyama anayeishi miaka miwili au mitatu tu, miezi sita ni sehemu kubwa ya maisha.

Wanaojitolea nao huchoka. Panya wao hufa haraka, kwa hiyo msiba hauishi. Na akifa mmoja kati ya wawili, anayebaki anahitaji mwenzake mpya, mzunguko unaanza upya. Wengi hufika mahali pa kusema "sasa basi" na kupumzika mwaka mzima. Hapo mtandao unapungukiwa mtu, na hakuna wa kupokea simu inayofuata.

Kwa nini wajisumbue?

Jibu moja ni la uwajibikaji: binadamu alimzaa panya huyu kwa biashara, binadamu abebe mzigo wake.

Jibu jingine ni kwamba panya si mjinga kama tunavyodhani. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya kwenye mrija mdogo, mwenzake akiwa nje. Yule wa nje alijifunza kufungua mlango na kumtoa. Hata palipowekwa chokoleti kando, mara nyingi alifungua yote mawili na kumwachia mwenzake sehemu. Yaani panya naye anaokoa panya.

Sisi Tanzania tunalijua hilo kuliko tunavyokiri. Morogoro, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Cambodia, mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kupewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Alistaafu mwaka 2021, akatunzwa, akafa Januari 2022 akiwa na umri wa miaka minane. Tofauti na panya wengi, yeye alipangiwa uzee wake mapema.

Ukiwa na panya unaoshindwa kuwatunza

Kama uko Ulaya au Marekani, na wewe au mtoto wako mmejikuta kwenye hali hii, fanya hivi:

• Tenganisha madume na majike leo, usisubiri kesho.
• Hesabu na uandike: wangapi, umri, jinsia, lini walikuwa pamoja.
• Piga simu kwenye shirika la wanyama la eneo lako au tafuta mtandao wa panya ulio karibu. Likijaa moja, omba wakuelekeze kwa jingine.
• Sema ukweli kuhusu idadi. Ukisema 10 kumbe ni 40, mtu atakuja na matundu mawili.
• Kubali kuendelea kuwatunza kwa wiki chache huku ukitafutiwa nafasi. Mara nyingi msaada wa kwanza ni chakula, tundu la kuazima au gharama ya kuhasi.
• Usiwaachie nje, na usiwatangaze "bure kwa yeyote". Hujui ni nani atakayewachukua wala kwa nini.

Kinachowachelewesha wengi kupiga simu ni aibu. Mtu anaogopa kuonekana mchafu au mzembe, anafunga mlango, na kila siku 21 tatizo linaongezeka. Yule mwanamke wa Del Mar alikubali msaada panya wakiwa zaidi ya 320, na bado wengi walipata pa kwenda. Angeomba msaada kwenye uzao wa kwanza, kazi yote ingemalizwa na mtu mmoja mwenye matundu mawili na nafasi kwenye gari.